Benchi la Mlango wa Tatu

Barua niliiandika mimi, kwa kalamu ya bluu,
asubuhi nimerudi na unga kwenye nyusi
kutoka tanuri la usiku, mikate elfu mbili
imekwisha panda magari, na Łódź yote inaamka
ili mimi nilale.

Kwa Ofisi ya Ushirika wa Nyumba. Waheshimiwa,
benchi lililo chini ya dirisha langu
huanza saa mbili
na halimalizi.

Wakaja wawili na msumeno wa chuma.
Lilipandwa kwenye zege tangu jengo lijengwe,
ghorofa kumi, milango mitano, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Dakika nane. Nilihesabu.
Vikabaki visiki vinne
na duara la maganda ya alizeti
ambalo mvua haikuliondoa.

Nikalala.

Siku ya kwanza kama jiwe kisimani.
Ya pili pia. Ya tatu
niliamka saa tano, masikio wazi,
nikisubiri nini?
Lifti ikapanda, ikashuka, ikapanda.
Ndani ya lifti sisi husoma namba,
sita, saba, nane, kana kwamba ni aya.
Kwenye ngazi taa huzimika
kabla hujapata ufunguo.
Kuna mtu nyuma ya ukuta wangu:
kikohozi chake nakijua, kabichi yake naijua,
uso wake sina.

Ndipo nikatambua nilichosikia miaka sita
kichwa chini ya mto:
kwamba nyonga ya Bogumiła imetiwa chuma;
kwamba watoto waning'inie tu kwenye
mtambaa wa kukung'utia mazulia, nasi tulining'inia;
kwamba Zdzisław wa ghorofa ya nne
asiposhuka kabla ya adhuhuri, mtu apande akagonge;
kwamba mkwe wa Halszka yuko Norwei, anachomea meli,
na simu zake zimepungua,
na Halszka husema ni mtandao,
na wenzake hunyamaza kidogo
kabla ya kusema ndiyo, mtandao.

Je, alirudi?

Hadithi ilikatwa katikati na msumeno
nilioulipia stempu mwenyewe.
Nilikanda unga wiki nzima, mikono ikiuliza.

Jumamosi nikashuka ghorofa mbili kwa miguu,
nikabonyeza kengele, nikaomba bisibisi
nisiyoihitaji.

Bogumiła alifungua, fimbo mkononi.
"Bapa au ya msalaba?"
"Yoyote." Kisha nikasema,
"Barua ile niliiandika mimi."
"Tunajua. Ofisi waliibandika ubaoni,
wamekata jina. Lakini K yako inapiga teke,
kama ile ya kwenye kisanduku chako cha barua.
Zdzisław alivaa miwani miwili kuzilinganisha."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.

"Unaamka saa ngapi?" akauliza.
"Saa nane. Nikipata usingizi."
"Basi saa tisa. Uje na kiti,
na kiwe na mgongo. Cha kwangu hakina."

Sasa saa tisa viti vya jikoni hushuka kwa lifti,
na mle ndani hakuna anayesoma namba,
maana ukibeba kiti lazima useme samahani,
na samahani huzaa neno la pili.
Mmoja ana kiti cha ofisi, chenye magurudumu,
tunakizuia kwa tofali.
Zdzisław hukalia kreti la mikate, la kwangu,
husema lina joto bado. Mwongo.
Mtu wa kikohozi anaitwa Ireneusz.
Ana uso mwembamba, wa aibu, na mbwa asiyetii.
Ofisi imetuma onyo kuhusu viti. Limebandikwa ubaoni.
Tumelisoma kwa sauti, kila mtu sentensi yake.

Jana Halszka alikuja mwisho,
simu mkononi, akaigeuza kifudifudi pajani.
Hakuna aliyeuliza.
"Ni mtandao," akasema.

Nikanyamaza kidogo, kama wengine.
Mbwa akajikuna.
"Ndiyo," nikasema. "Mtandao."